Moyo nao ni tezi: kitendawili cha panya wenye presha

Maji yakijaa jioni, watoto wa Malindi hujirusha baharini kutoka gatini, mmoja baada ya mwingine. Ukiwa na mtoto wa umri huo unajua kinachofuata: akishakaa majini robo saa lazima akojoe, na wengi wao hawajisumbui kutoka nje kwanza. Wakubwa husema ni baridi. Baridi ina mkono wake, lakini hata ukimtia mtu mzima kwenye tangi la maji ya vuguvugu hadi shingoni, mkojo utaongezeka vilevile.

Sababu iko kifuani. Ukisimama nchi kavu, damu nyingi hutuama miguuni. Ukiingia majini, maji yanakubana miguu na tumbo na kuisukuma damu hiyo juu, na vyumba vya juu vya moyo vinajaa na kutanuka kuliko kawaida. Moyo hauna namna ya kujua kwamba umeingia baharini. Unachojua ni kwamba umejaa. Basi unamwaga homoni ndani ya damu, homoni inafika kwenye figo, na figo zinaanza kutoa chumvi na maji. (Ipo pia homoni ya ubongo inayozuia mkojo, ambayo hupungua wakati huohuo na kuongeza kasi. Hiyo tuiache leo.)

Nilimsimulia shangazi yangu habari hii nikidhani itamfurahisha. Anakaa Shela, hii yetu ya Malindi, si ile ya Lamu, na ameishi na presha miaka mingi. Siku hiyo alikuwa ameloweka ng'onda wa nguru kwenye beseni, vipande vimekauka kama ubao na chumvi imeganda kwenye mikunjo ya ngozi. Alikuwa anavigeuzageuza kwa vidole, maji yakizidi kuwa na ukungu, akinisikiliza kwa sikio moja. Nilipomaliza akauliza, bila kuinua uso:

"Kama moyo unajua kujitengenezea dawa ya presha, huu wangu umelala?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu swali hilohilo limewashughulisha watafiti tangu miaka ya 1980. Wao walikwenda kuwauliza panya.

Kwanza, hiyo homoni ilipatikanaje. Mwaka 1956 mambo mawili yaliripotiwa, kila moja likiwa peke yake. Bruno Kisch, akitazama moyo wa simbilisi kwa darubini ya elektroni, aliona punje ndogo nyeusi ndani ya seli za vyumba vya juu, yaani atiria. Mwaka huohuo Henry, Gauer na Reeves waliingiza puto dogo ndani ya atiria ya kushoto ya mbwa, wakalipuliza, na mbwa akakojoa zaidi. Hakuna aliyeziunganisha habari hizo mbili. Mwaka 1964 Jamieson na Palade walionyesha kwamba punje zile zinafanana na vijifuko vya seli zinazotengeneza protini na kuzimwaga nje, kama za kongosho. Hapo ungetarajia mtu aseme, basi moyo ni tezi. Lakini moyo ulikuwa pampu vitabuni, na pampu ukabaki.

Aliyelifungua fundo ni Adolfo de Bold, Muargentina aliyefanya kazi Kingston, Ontario, nchini Kanada. Mwaka 1981 yeye na wenzake walisaga atiria za panya, wakachukua maji yake na kuwadunga panya wengine waliolazwa kwa dawa ya usingizi. Ndani ya dakika chache sodiamu kwenye mkojo ilipanda zaidi ya mara 30, mkojo wenyewe mara 10, na presha ikashuka. Kisha wakasaga vyumba vya chini, ventrikali, wakadunga vilevile. Hakuna kilichotokea. Mimi hilo la pili ndilo ninalolipenda zaidi, maana bila hilo mtu angesema ni nyama tu yoyote ikisagwa.

Baada ya miaka michache homoni ilisafishwa na kusomwa herufi kwa herufi: mnyororo wa asidi amino 28, umefungwa pete katikati. Jina lake refu ni peptidi natriuretiki ya atiria, yaani ile inayotoa sodiamu kwa mkojo, na kwa kifupi ANP. Mwaka 1988 Wajapani walipata ndugu yake kwenye ubongo wa nguruwe, wakamwita BNP, B ikiwa ya ubongo kwa Kiingereza. Baadaye ikaonekana kwamba BNP nyingi hutoka moyoni, hasa kwenye ventrikali iliyoelemewa, lakini jina lilikuwa limeshaandikwa.

Inavyofanya kazi si vigumu kufuata. Seli ya atiria hutengeneza protini ndefu ya asidi amino 126 na kuiweka akiba kwenye vile vijifuko. Ukuta wa atiria ukivutika, vijifuko vinafunguka, na kimeng'enya kiitwacho korini, kilichokaa juu ya seli, kinaikata protini vipande viwili. Kile kifupi cha 28 ndicho chenye kazi. Kinasafiri na damu mpaka kwenye vipokezi vilivyo kwenye figo, kwenye kuta za mishipa na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Figo zinatoa chumvi, na chumvi hutoka na maji. Mishipa inalegea. Aldosteroni, homoni inayong'ang'ania chumvi, inapunguzwa, na renini pia, kimeng'enya ambacho figo hutoa kupandisha presha. Kila kinachopandisha presha kinakanyagwa mguu kidogo.

Halafu inafutwa upesi. ANP haikai kwenye damu ya binadamu zaidi ya dakika chache. Kuna kimeng'enya kiitwacho neprilisini kinachoikatakata, na kuna vipokezi vya aina nyingine ambavyo kazi yake ni kuidaka na kuimeza tu. Kwa hiyo kiwango unachopima kwenye damu ni hesabu ya kilichoingia ukitoa kilichofutwa. Tutarudi hapo.

Sasa panya. Huwezi kumkata mtu mwenye presha kipande cha atiria kila mwezi uone kinavyobadilika, ndiyo maana watu wa maabara wanafuga wanyama wenye presha. Lakini presha si ugonjwa mmoja, na kila panya anayefugwa kwa ajili hiyo amebeba presha ya aina yake. Anayesema "panya wenye presha" bila kusema ni wepi ni kama anayesema "samaki" sokoni na kungoja apewe anachotaka.

Wa zamani zaidi si panya. Mwaka 1934 Harry Goldblatt, huko Cleveland, alibana mshipa wa figo ya mbwa kwa kibanio cha fedha. Figo ikikosa damu ya kutosha hudhani mwili mzima umepungukiwa, ikatoa renini, na presha ikapanda. Baadaye ufundi huo ulihamishiwa kwa panya kwa namna mbili: kubana figo moja na kuacha ya pili, au kubana moja na kuiondoa ya pili kabisa. Zinafanana kwa jina tu. Kwa panya aliyebakiwa na figo nzima upande wa pili, presha inaendeshwa hasa na renini. Kwa asiye na figo ya pili, chumvi na maji hayana pa kutokea, na presha ni ya kujaa. Miaka ya 1980 walipowadunga panya hawa ANP iliyotengenezwa maabara, waliosikia zaidi ni wale wa renini. Ukitafakari utaona ajabu yake: homoni ya kutoa maji imemsaidia zaidi asiyejaa maji.

Wa pili ni panya wa Kyoto. Mwaka 1963 Okamoto na Aoki waliripoti ukoo wa panya waliopata kwa kuwazalisha wenye presha kwa wenye presha, kizazi baada ya kizazi, mpaka wote wakawa wanapanda presha wenyewe wakikua. Hakuna upasuaji, hakuna chumvi ya ziada. Hawa ndio waliotumika zaidi duniani, kwa sababu presha yao huja polepole na umri kama ya watu wengi. Wakishakomaa, ANP kwenye damu yao kwa kawaida huwa juu kuliko ya binamu zao wasio na presha. Kuna kasoro hapa inayosahaulika: hao binamu waligawiwa kwa wafugaji mbalimbali kabla damu yao haijawa moja, kwa hiyo binamu wa mfugaji huyu si yule wa mfugaji mwingine. Taarifa mbili zikigongana, wakati mwingine aliyebadilika si mgonjwa bali jirani aliyelinganishwa naye.

Wa tatu ni wa Lewis Dahl, wa maabara ya Brookhaven jimbo la New York, tangu 1962. Dahl aliwalisha panya chakula chenye chumvi nyingi, akawatenga waliopanda presha na wasiopanda, akapata koo mbili: moja chumvi inaipandisha, nyingine inakula chumvi ileile bila habari. Baadaye alihamisha figo kati ya koo hizo, na presha ikafuata figo. Nikisoma habari ya panya hawa huwafikiria watu wawili ninaowajua, wamekaa meza moja na kula papa mkavu uleule maisha yao yote, mmoja ana presha na mwingine hana.

Wa nne hutengenezwa kwa mkono: unaondoa figo moja, unampa panya homoni inayoshika chumvi iitwayo deoksikotikosteroni, na badala ya maji unamwekea maji yenye chumvi asilimia 1. Presha hupanda ndani ya wiki chache, na moyo unanenepa.

Kwa wote hawa swali ni moja: moyo unatoa homoni kiasi gani? Lionekane rahisi, lakini hapo ndipo wengi walipojikwaa, na msomaji wa makala za afya anajikwaa bado.

Ukitoka Malindi kwenda kaskazini, ukavuka Sabaki na kupita Mambrui, utafika Gongoni, na mbele yake Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa, jua linayakausha, na chumvi hukusanywa kwenye vilima vyeupe vinavyoonekana kutoka barabarani. Pita siku moja ukute kilima ni kidogo. Utasema nini? Huenda mvua iliharibu mavuno. Huenda pia mavuno yalikuwa makubwa na malori yalipakia usiku kucha. Kilima peke yake hakikwambii. Na kikiwa kikubwa, huenda wamevuna sana, au hawana mnunuzi.

Akiba ya ANP kwenye atiria ni kilima hicho. Baadhi ya watafiti wa miaka ya 1980 walisaga atiria za panya wenye presha wakakuta homoni kidogo, wengine wakakuta nyingi, umri wa panya ukiwa tofauti, na kila mmoja akawa na maelezo yake. Ili kujua kweli unahitaji vipimo vitatu pamoja. Cha kwanza ni nakala za jeni ndani ya seli, zinazoonyesha amri ya kutengeneza imetolewa kwa nguvu gani. Cha pili ni akiba. Cha tatu ni damu, na hapo kumbuka neprilisini: damu ikiwa na homoni nyingi, huenda imemwagwa nyingi au imefutwa kidogo. Tena dawa ya usingizi na hata usumbufu wa kumkamata panya vinaweza kubadilisha kiwango. Njia mojawapo ya kukwepa sehemu ya fujo hiyo ni kuutoa moyo au atiria peke yake, kuipitishia maji yenye virutubisho, kuivuta kwa kipimo, na kuhesabu inachodondosha.

Vipimo vilipowekwa pamoja, picha ikaanza kutulia. Katika aina nyingi za presha moyo haulali. Mzigo ukidumu, hutengeneza na kumwaga zaidi. Kubwa kuliko yote likaonekana kwenye ventrikali, ile ambayo kwa de Bold haikuwa na kitu. Kabla ya kuzaliwa, ventrikali ya mnyama hutengeneza ANP. Baada ya kuzaliwa jeni hiyo huzimwa karibu kabisa pale chini, kazi ikabaki kwa atiria. Ventrikali ikielemewa na presha na kuanza kunenepa, jeni ya utotoni inawaka tena. Haina ghala kubwa kama atiria, kwa hiyo kinachotengenezwa sehemu kubwa kinatoka moja kwa moja. BNP nayo inapanda. Moyo mzima unakuwa tezi.

Lakini presha haishuki. Kwa nini?

Jibu la kwanza lilitoka kwa panya wa Dahl. Mwaka 1984 kundi la Louis Tobian wa Minnesota liliripoti kwamba panya wanaodhuriwa na chumvi wana homoni nyingi zaidi kwenye atiria zao kuliko wenzao, ila mwitikio wao kwa homoni hiyo ni hafifu mno. Ujumbe unatumwa, na figo ni kiziwi. Hapo huongezi kitu kwa kupiga kelele zaidi, au unaongeza kidogo sana.

La pili ni kwamba ANP haichezi peke yake uwanjani. Renini na angiotensini (homoni inayozaliwa kwa kazi ya renini na kubana mishipa), aldosteroni na mishipa ya fahamu ya msongo vyote vinavuta upande wa pili, na katika presha ya muda mrefu vinavuta bila kupumzika.

La tatu lilihitaji panya wa aina nyingine, wale wadogo wa nyumbani. Mwaka 1995 Simon John, Oliver Smithies na wenzao wa Chapel Hill, North Carolina, waliripoti habari za panya walioharibiwa jeni ya ANP kwa makusudi. Waliokosa nakala zote mbili hawakuwa na homoni kabisa, na presha yao ilikuwa juu kwa milimita 8 hadi 23 za zebaki, hata kwenye chakula cha kawaida. Waliobakiwa na nakala moja walikuwa sawa na wengine, mpaka walipolishwa chakula chenye chumvi asilimia 8. Hapo presha ikapanda milimita 27. Smithies alipata Nobeli mwaka 2007 kwa ufundi huo wa kuharibu jeni, si kwa panya hawa hasa.

Weka hilo kando ya panya wa Kyoto na wa Dahl. Ukiiondoa homoni, presha inapanda. Presha ikipanda kwa sababu nyingine, homoni inaongezeka. Mtu akisoma la pili peke yake atasema homoni nyingi inaleta presha, au haina kazi. Yote mawili si kweli.

Jioni ile nilimjibu shangazi kwa lugha ya nyumbani kwetu, maana baba yake alikuwa nahodha. Nikamwambia: chombo kikiwa kinavuja, ukamkuta baharia anafua maji bila kupumzika, hutasema kufua ndiko kunakokizamisha. Wala hutasema baharia amelala kwa sababu maji bado yamo. Ungemtoa, ungeona. Moyo wako haujalala, unafua maji.

Alinyamaza kidogo. "Basi wampe ndoo kubwa zaidi."

Ndivyo walivyofikiri na wenye viwanda vya dawa. Kudunga ANP yenyewe kila siku hakufai, inafutika mno. Njia iliyofika mbali ni kumzuia anayeifuta, yaani neprilisini, na kuzuia angiotensini papo hapo kwa kuwa neprilisini huifuta hiyo nayo. Dawa ya mchanganyiko huo, sakubitrili na valsatani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, lakini kwa moyo uliochoka. Vidonge vya kila siku vya shangazi ni vingine kabisa na sikumgusia kuviacha. BNP nayo imekuwa kipimo hospitalini: anayefika akihema, damu yake husaidia kuonyesha kama tatizo ni moyo. Ni baharia anayehesabiwa ndoo.

Na si kila lililopatikana kwa panya linavuka. ANP ya panya inatofautiana na yetu kwa asidi amino moja tu kati ya 28, kwa hiyo hapo watafiti walikuwa na bahati. BNP ya panya ina asidi amino 45, yetu ina 32. Ya nguruwe ni 32 kama yetu, na hilo sikumwambia shangazi.

Alimwaga maji ya beseni chini ya mpapai, akajaza mengine, akavirudisha vipande vya nguru. Ya tatu hayo, nilikuwa nahesabu. Kisha akauliza kuhusu wale panya wa figo moja, waliowekewa maji ya chumvi.

"Na walikuwa wakiyanywa kwa hiari yao?"

Nikamwambia hawakuwekewa mengine.

"Maskini," akasema, akaonja kidole.